Peptidi yangu inaua bakteria kwenye bafa, kwenye seramu inanyamaza. Na je, kweli inatuliza kinga?

Hesi18

Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada, hasa kwa waliowahi kushika peptidi (minyororo mifupi ya amino asidi) za kuua bakteria kwa mikono yao. Niko mwaka wa pili wa uzamili, na hii ni peptidi ya kwanza niliyoibuni mwenyewe tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Nalala nayo, naamka nayo.

Mfuatano wake ni huu: KLLKKLLKWLKKLLKKLL (K ni lisini, L ni lusini, W ni triptofani). Amino asidi 18, mkia umefungwa kwa amidi. Niliichora kwa penseli kwenye gurudumu la hesi, yaani peptidi iliyojikunja kama ngazi ya kuzunguka ikitazamwa kutoka nchani, kabla ya kugusa kompyuta. Katika hesi kila amino asidi inasogea nyuzi 100 kutoka ile iliyotangulia, kwa hiyo 18 zinatimiza mizunguko mitano kamili, na kila moja inapata mahali pake kwenye duara bila kuilalia nyingine. Lisini zote nane zikakaa upande mmoja. Lusini tisa na triptofani moja zikakaa upande wa pili. Ukipitisha rula katikati, huku ni wapenda maji watupu, huku ni wapenda mafuta watupu. Mchoro ule bado nimeubandika juu ya benchi langu.

Mwanzo ulinipa moyo. Kwenye bafa ya fosfeti yenye chumvi kidogo na chakula kidogo cha bakteria, MIC, yaani kiasi cha chini kabisa kinachowazuia bakteria wasikue, ilikuwa maikrogramu 4 kwa mililita kwa E. koli na 8 kwa Staphylococcus aureus. Nikapandisha chumvi hadi milimola 150, karibu na ile ya mwilini, E. koli wakahitaji 16. Nikatia seramu (maji ya damu yasiyo na seli) asilimia 10, ikapita 64, nikaacha kupima kwa sababu peptidi ilikuwa inaniishia.

Kisha nikapima seli nyekundu za damu, zilizooshwa, bila seramu. Jibu nililiona kwa macho kabla ya mashine. Baada ya kuitoa sahani kwenye sentrifuji, visima vya kushoto vilikuwa na maji safi na kitone chekundu kimekaa chini. Kadiri ninavyokwenda kulia maji yanageuka waridi, kitone kinasinyaa, na kisima cha mwisho kilikuwa chekundu tupu bila kitone. Kwenye maikrogramu 32, asilimia 40 ya seli zilikuwa zimepasuka.

Sasa hili la mwisho ndilo linaloninyima raha. Nilichukua seli za THP-1, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, zilizogeuzwa kuwa makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), kwenye chakula chenye seramu asilimia 10, nikaweka LPS, ile sumu ya utando wa nje wa bakteria kama E. koli, nanogramu 10 kwa mililita pamoja na peptidi maikrogramu 20. TNF, ishara ya uvimbe ambayo seli za kinga huitoa, ikashuka kwa karibu asilimia 80. Peptidi peke yake, bila LPS, ikapandisha IL-8, ishara nyingine ya kinga, kidogo lakini kila mara. Msimamizi wangu amefurahi mno. Anataka tuandike kwamba ni peptidi yenye kazi mbili: inaua bakteria na inarekebisha kinga. Mimi moyo haujatulia, na sijui nimweleze nini.

Kwa hiyo naomba mnisaidie mawili. Nikianza kuirekebisha, nianzie kwenye chumvi, kwenye seramu au kwenye seli nyekundu? Na huku kushuka kwa TNF, nyie mnakusomaje? Natanguliza shukrani.

FundiPeptidi

Karibu mkuu, na asante kwa kuweka mfuatano wazi. Wengi huja hapa wanaficha herufi halafu wanataka ushauri.

Nimechora gurudumu lako sasa hivi. Tatizo ni lilelile lililokufurahisha. Upande wako wa mafuta hauna doa hata moja: nafasi kumi kati ya 18, zimeshikana nusu duara nzima. Peptidi ya namna hiyo haichagui. Utando wa bakteria kwa nje una chaji hasi, una mafuta ya fosfatidiligliseroli na kadiolipini, na E. koli amejifunika LPS juu ya hapo. Utando wa seli zetu kwa nje ni fosfatidilikolini na sfingomielini, ambazo kwa jumla hazina chaji, na kolesteroli inaukaza. Lisini zako ndizo zinazoona tofauti hiyo. Lusini haziioni. Zikishafikia mafuta zinazama tu, yawe ya bakteria au ya mgonjwa. Ukitaka kuona njia hiyo inaishia wapi, soma habari za melitini ya sumu ya nyuki: amino asidi 26, inaua bakteria vizuri sana, na seli nyekundu inazipasua vizuri vilevile.

Mimi ningeanzia hapo, kwenye seli nyekundu, kwa badiliko moja tu. Chukua lusini ya nafasi ya 10. Kama lisini yako ya kwanza umeiweka nyuzi 100, basi ile ya 10 iko nyuzi 280, na upande wako wa mafuta unaanza 180 hadi 360. Maana yake iko karibu katikati kabisa ya upande huo, na pia katikati ya urefu wa peptidi. Ing'oe, weka lisini. Najua inauma kuharibu mchoro mzuri. Lakini Robert Hodges na wenzake walifanya hivyohivyo kwenye peptidi yao ya amino asidi 26: valini ya 13, iliyokuwa kitovu cha upande wa mafuta, wakaiweka lisini. Upasuaji wa seli nyekundu ukashuka sana, bakteria wakaendelea kufa. Chaji ile moja katikati ya mafuta inaizuia peptidi isizame ndani ya utando usio na chaji, lakini kwenye utando wa bakteria mvutano wa chaji unatosha kuishikilia ifanye kazi yake hapohapo juu.

Kuna faida ya pili ambayo itakugusa kwenye chumvi. Chumvi inakufanyia mambo mawili kwa mpigo. Inafunika chaji, hivyo peptidi haivutwi kwa nguvu kuelekea kwa bakteria, hilo unalijua. Lakini pia lisini zikishafunikwa haziachi kusukumana tu, zinaruhusu nyuso za mafuta za peptidi mbili, tatu, nne zikumbatiane. Peptidi iliyokumbatiana na wenzake haina haraka ya kwenda kwa bakteria. Ukitia doa kwenye uso wa mafuta, kukumbatiana huko kunapungua.

Halafu, tafadhali, achana na bafa hiyo kama kipimo chako kikuu. Haina magnesiamu wala kalsiamu ya maana. LPS ya E. koli inashikiliwa pamoja na ioni hizo, na kazi ya kwanza ya peptidi yako ni kuzing'oa ili ipenye. Kwenye bafa umeukuta mlango umeegeshwa tu. Rudia kwenye mchuzi wa Mueller-Hinton (chakula cha kawaida cha vipimo vya bakteria) uliorekebishwa kalsiamu na magnesiamu, na utumie sahani za polipropilini. Polistirini ya kawaida inanasa peptidi zenye chaji chanya, unadhani umeweka maikrogramu 4 kumbe kwenye maji zimebaki mbili.

Kuhusu seramu, usiilaumu kabla ya kujua kosa lake. Watuhumiwa ni wawili. Wa kwanza ni vimeng'enya vinavyokata: vya aina ya tripsini hukata baada ya lisini na arijinini, na wewe umevipa sehemu nane za kukatia katika peptidi ya 18. Wa pili ni albumini na lipoprotini, ambazo hazikati chochote, zinaikumbatia tu peptidi ikabaki humo. Dawa ya mtuhumiwa mmoja haimponyi mwingine.

Njia ninayoipenda ya kuwatenganisha ni kuagiza miligramu chache za peptidi hiyohiyo iliyotengenezwa kwa amino asidi za D, yaani picha ya kioo ya zile za kawaida. Tangu 1990 ilionyeshwa kwa magainini ya chura, cecropini ya wadudu na melitini kwamba picha yake ya kioo inaua bakteria sawasawa, kwa sababu utando si kufuli inayohitaji ufunguo wa mkono fulani. Vimeng'enya, kinyume chake, haviwezi kuikata. Basi: kama ya D inafanya kazi kwenye seramu na ya kawaida haifanyi, mkosaji ni vimeng'enya. Kama zote mbili zinanyamaza, mkosaji ni kunaswa, na hapo mbinu za kuzuia kukatwa, kama kuongeza amino asidi za D, onithini au kufunga hesi kwa daraja la kaboni, hazitakusaidia kitu. Itabidi upunguze mafuta.

Nimalizie na jambo moja linalonigusa kila nikibuni. Michael Zasloff alipotoa magainini kwenye ngozi ya chura wa Xenopus laevis mwaka 1987, kilichomvuta ni kwamba vyura aliowapasua walipona vidonda vyao ndani ya maji machafu bila kuoza. Sasa hesabu chaji ya magainini 2. Amino asidi 23, chaji +3 tu. Yako ni +9. Chura hakutafuta silaha kali kuliko zote, alihitaji silaha ambayo yeye mwenyewe anaweza kuishi nayo kwenye ngozi yake.

Ya kinga nawaachia wenye kinga. Mimi huko huwa naharibu.

Makrofaji

Mdogo wangu, moyo wako uko sahihi kutotulia. Shikilia hapohapo, na usikubali sentensi ile ya kazi mbili iandikwe kabla hujafanya majaribio matatu ninayokuandikia hapa chini.

Kwanza tufanye hesabu pamoja. Peptidi yako ina uzito wa takriban daltoni 2250, kwa hiyo maikrogramu 20 kwa mililita ni karibu maikromola 9. LPS tukiichukulia kuwa daltoni 10,000, nanogramu 10 kwa mililita ni nanomola 1. Maana yake kila molekuli moja ya LPS kwenye kisima chako imezungukwa na molekuli 9000 za peptidi. Hata kama seramu imenasa asilimia 99 yake, zimebaki 90 kwa moja. Na lipidi A, ile sehemu ya LPS inayoamsha TLR4, kipokezi cha seli za kinga, ina fosfeti zenye chaji hasi. Peptidi yenye chaji +9 na uso wa mafuta haiwezi kuipita bila kuishika. Ndiyo maana, mkuu, peptidi iliyonyamaza mbele ya E. koli kwenye seramu imeonekana shujaa mbele ya LPS kwenye seramu hiyohiyo. Haijafundisha makrofaji chochote. Inawezekana kabisa makrofaji hawakuiona LPS.

Kunasa LPS si kosa. Ni kazi yenye thamani, mgonjwa mwenye bakteria kwenye damu anaumizwa pia na LPS inayomwagika bakteria wanapokufa. Lakini kunasa sumu na kurekebisha kinga ni mambo mawili tofauti, na anayesoma kazi yako atajenga juu ya neno utakaloliandika.

Kwa hiyo: weka peptidi kwenye seli saa moja, iondoe, osha mara mbili, ndipo uweke LPS. Kama TNF inashuka bado, hapo peptidi imeigusa seli yenyewe. Kwenye sahani nyingine geuza: LPS kwanza, peptidi baada ya saa moja. Kisha badilisha kichokozi kabisa, tumia Pam3CSK4 inayopitia kipokezi kingine, TLR2. Nakuchagulia hiyo makusudi, kwa sababu ina lisini nne, ina chaji chanya kama peptidi yako, kwa hiyo hakuna mvutano wa chaji wa kuzikutanisha. Kama TNF ya Pam3CSK4 inashuka pia, nitafute, nitafurahi nawe.

La pili ni swali la aibu ambalo lazima liulizwe: seli zilikuwa hai? Seli iliyokufa haitoi TNF. Pima LDH, kimeng'enya kinachovuja seli ikiharibika, kwenye maji yaleyale uliyopimia TNF, kisima kwa kisima, siyo kwenye sahani ya siku nyingine. Na pima pia peptidi iliyobadilishwa chumvi yake. Peptidi zikitoka kwenye usafishaji huwa zimebeba asidi ya trifluoroasetiki, na hiyo peke yake inaweza kuzisumbua seli. Omba wakubadilishie iwe asetati au kloridi.

La tatu ni hiyo IL-8, na hapa naandika kwa uchungu wangu mwenyewe. Miaka ya nyuma, kwenye maabara niliyokuwa, nilikaa miezi saba nikifuatilia peptidi iliyokuwa inapandisha IL-6, ishara nyingine ya uvimbe. Nilikuwa na mchoro wa kiasi na jibu, mzuri ajabu. Nilikuwa na nadharia ya kipokezi. Nilisimama mbele ya watu nikaieleza. Kisha shehena mpya ya peptidi ikaja kutoka kwa mtengenezaji mwingine, na IL-6 ikatoweka kama haikuwahi kuwepo. Nilichokuwa nakipima miezi saba yote ni endotoksini, yaani LPS hiyohiyo, iliyokuwa imepanda juu ya peptidi, na peptidi zenye chaji chanya zinaibeba endotoksini kama sumaku inavyobeba vumbi la chuma.

Utasema, si ningepima kwa LAL, kile kipimo cha endotoksini? Nilipima. Ilisoma karibu sifuri. Peptidi iliyoshika endotoksini inaificha pia kwenye kipimo. Tangu siku ile sikubali jibu la LAL bila kupandikiza kiasi ninachokijua cha endotoksini ndani ya sampuli na kuona kama kinarudi chote. Kisiporudi, sifuri yako si sifuri.

Kipimo ninachokiamini zaidi kwa peptidi fupi ni kuila. Ikate kwa tripsini, chemsha ili tripsini ife (ikibaki hai itaziamsha seli kwa kupitia kipokezi PAR2 na kukupa IL-8 nyingine), kisha weka mabaki kwenye seli. LPS inavumilia kuchemshwa. Kama peptidi imeliwa na IL-8 bado ipo, basi haikutoka kwa peptidi. Usisahau kisima cha tripsini iliyochemshwa peke yake.

Nyongeza moja kuhusu kubuni kwa ajili ya kinga, maana FundiPeptidi kakimbia. Usidhani anayeua vizuri ndiye anayezungumza vizuri na kinga. LL-37, ya kwetu wanadamu, yenye amino asidi 37 na iitwayo hivyo kwa sababu inaanza na lusini mbili, inauawa nguvu na chumvi na seramu kama yako. Lakini inaita seli za kinga kupitia kipokezi FPR2, inanasa LPS, na inashiriki kufunga vidonda. Na mwaka 2007 kundi la mtafiti Hancock kule British Columbia, Kanada, lilionyesha IDR-1, amino asidi 13, ambayo haiui bakteria moja kwa moja hata kidogo, lakini ikawakinga panya dhidi ya maambukizi kwa kuwaongezea ulinzi wao wenyewe huku uvimbe hatari ukidhibitiwa. Mwaka huohuo wengine wakaonyesha upande wa giza: LL-37 ikishikana na DNA iliyomwagika kutoka kwenye seli zetu, inaifanya ionekane kama ya adui, na hilo linachochea ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Chaji ileile, tabia ileile ya kushika vyenye chaji hasi. Ndiyo maana nasema kuigusa kinga si sifa ya kubandika mwisho wa karatasi. Ni kazi inayobuniwa na kupimwa peke yake, pamoja na madhara yake.

Msomaji_wa_Usiku

Samahani wakuu kuingilia, mimi si mtu wa maabara, nafuatilia tu kwa sababu ya habari za usugu wa dawa. Nimesoma mahali kwamba bakteria hawawezi kujenga usugu dhidi ya peptidi kwa kuwa zinapiga utando wenyewe. Ni kweli?

FundiPeptidi

Hapana ndugu, na nakushukuru kuuliza maana kauli hiyo imesambaa sana. Ni vigumu zaidi kwao, lakini wanaweza. Staphylococcus aureus wana kimeng'enya MprF kinachobandika lisini kwenye mafuta ya utando wao, chaji hasi inapungua, peptidi inakosa pa kushika. Kwa dawa ya kolistini, ambayo yenyewe ni peptidi yenye mkia wa mafuta, jini ya usugu mcr-1 iliripotiwa mwaka 2015 huko China, ikihama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine juu ya plazimidi, kipande kidogo cha DNA. Zasloff mwenyewe alishirikiana na Perron na Bell kwenye jaribio la 2006: wakawalea E. koli na Pseudomonas na peksiganani, mtoto wa magainini, vizazi 600 hadi 700, na karibu makundi yote yakapata usugu. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuzipenda peptidi za aina ya IDR-1. Kama haumpigi bakteria mwenyewe, humpi sababu ya moja kwa moja ya kubadilika.

Hesi18

Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita. Nilisoma majibu yenu nikiwa nimesimama, nikayachapa, yako karibu na mchoro.

Niliagiza mbili: ya D, na ile yenye lisini nafasi ya 10, zote kwa chumvi ya asetati. Kwenye sahani za polipropilini na mchuzi uliorekebishwa, ya zamani ilihitaji 16 kwa E. koli, siyo 4 niliyokuwa najivunia. Ile yenye doa ilihitaji 8. FundiPeptidi, ulisema kuhusu kukumbatiana kwenye chumvi, na nadhani nimeliona hilo. Seli nyekundu kwenye 32 zimetoka asilimia 40 hadi 6. Safari hii visima vyote vilibaki na vitone vyao, hadi kile cha mwisho kabisa kulia ambacho kilikuwa na waridi hafifu. Niliishika sahani juu ya taa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwa Staphylococcus nimepoteza, imepanda hadi 32, sijui kama niridhike nayo.

Kwenye seramu ya asilimia 10, ya D ilifika 32, ya kawaida bado zaidi ya 64. Kwa hiyo vimeng'enya vina mkono, lakini kunaswa ndiko kunakonimaliza.

Sasa ya kinga. Nikichanganya peptidi na LPS, TNF inashuka kama mwanzo. Nikiosha kabla ya kuweka LPS, TNF iko palepale, kana kwamba sijaweka kitu. Nikitanguliza LPS saa moja, inashuka kidogo sana. Kwa Pam3CSK4, hakuna badiliko. Nilirudia mara tatu, kwa siku tofauti, nikitamani jibu ligeuke. LDH ya peptidi ya kwanza ilipanda kidogo pia, ya lisini 10 haikupanda.

Na IL-8, Makrofaji. Niliila peptidi kwa tripsini, nikaichemsha, IL-8 ikabaki vilevile. Tripsini peke yake haikutoa kitu. Nikapandikiza endotoksini kwenye LAL, ikarudi asilimia 15 tu. Nilikaa kwenye kiti nikakumbuka miezi yako saba.

Nilimpelekea msimamizi karatasi zote bila kuandika hitimisho. Alikaa kimya, akauliza kama nimeosha mara mbili kweli, nikamwonyesha daftari. Akasema basi sura hiyo iitwe kunasa endotoksini, na neno kurekebisha kinga litoke kwenye kichwa cha habari. Nilidhani angekasirika. Aliniuliza tu nani aliyenifundisha kuila peptidi kwa tripsini.

Swali moja limebaki. Nataka kupunguza kunaswa na albumini bila kurudi kupasua seli nyekundu. Nimefikiria kubadilisha lusini mbili za pembeni ziwe alanini, nafasi ya 2 na ya 7, ili kitovu kibaki na nguvu. Au nianzie ndani?

FundiPeptidi

Hongera kwa kurudia kwenye mchuzi halisi, 8 yako ya sasa ina thamani kuliko 4 ya zamani. Kwa Staphylococcus usihuzunike bado, hawana LPS, na peptidi zenye chaji nyingi na mafuta machache mara nyingi zinaegemea upande wa bakteria wa Gramu hasi, kundi la E. koli. Chagua adui mmoja.

Nafasi za 2 na 7 kwenye duara lako ni nyuzi 200 na 340, kingo mbili za mafuta. Ni sawa, zitapunguza upana wa uso. Lakini usibadilishe zote mbili kwa pamoja, hutajua ipi imefanya kazi. Na iache triptofani ya 9 ilipo: iko ukingoni kabisa, nyuzi 180, na triptofani inapenda kukaa pale mafuta yanapokutana na maji. Agiza tatu: A2 (alanini nafasi ya 2 tu), A7, na A2A7.

Makrofaji

Na kila moja ije na kipimo cha endotoksini kilichopandikizwa, kutoka kwa mtengenezaji kabla hujalipa. Yeyusha kwenye maji yasiyo na pairojeni (vitu vinavyoleta homa, kama endotoksini), tena chupa mpya. Vyombo vya glasi vioke nyuzi joto 250 kwa dakika 30 au zaidi, otoklevu haitoshi kuiharibu endotoksini.

Hesi18

Agizo limeondoka leo asubuhi, A2, A7 na A2A7, asetati zote, miligramu tano tano. Nimewaandikia hilo la kupandikiza, wamekubali. Mchoro wa penseli nimeutoa ukutani, nimechora mpya wenye K katikati ya mafuta, kwa kalamu nyekundu.